Maswali ya Wasomaji: Simu, Kompyuta na Ngozi ya Mgonjwa

Vidonda vya mgandamizo, vile ambavyo wodini wengi huviita vidonda vya kulalia, siku hizi vinafundishwa sana kwa simu na kompyuta. Maswali mengi yaliyotufikia yanahusu mafunzo hayo, kwa hiyo safu yote ya toleo hili tumewaachia wakufunzi wetu wa uuguzi wa vidonda. Baadhi ya maswali tumeyafupisha.

Kozi yetu ya kompyuta ina slaidi 90 na mtihani mwishoni. Wauguzi karibu wote wanapata zaidi ya asilimia 90, lakini vidonda wodini havipungui. Tumekosea wapi? (Mratibu wa mafunzo)

Ndugu mratibu, anza kwa kuukagua mtihani wenyewe. Mitihani ya namna hiyo huuliza mambo ya kukariri: kidonda kina hatua ngapi, skala ya Braden (kipimo cha hatari ya kupata vidonda hivi) ina vipengele vingapi. Muuguzi anaweza kuyajibu yote, na bado usiku wa manane asijue kama wekundu anaouona kwenye kifandugu, mfupa wa mwisho wa mgongo, ni wa kupuuzwa au wa kuripotiwa. Angalia pia kama jibu sahihi ndilo refu kuliko mengine, au kama "yote hapo juu" ndilo jibu kila linapojitokeza. Wajanja hulinasa hilo bila kusoma swali. Na ikiwa maswali ya kabla ya kozi na ya baada ya kozi ni yaleyale, mnachopima ni kumbukumbu ya saa chache.

Swali likiwa uamuzi, mambo hubadilika. Kwa mfano: mgonjwa amelala chali kwa saa tatu, umemgeuza, na kwenye kisigino cha kulia kuna wekundu. Umebonyeza kwa kidole sekunde 3, ukaachia, wekundu haukupotea. Ngozi haijachubuka. Utafanya nini kwanza? Majibu ya kupotosha yatoeni kwenye makosa yanayofanyika kweli: kukanda kisigino kwa mafuta ili damu itembee, kukiweka juu ya glavu iliyojazwa maji, kukiweka kwenye mto wa duara wenye tundu, au kuwaachia zamu inayofuata waangalie tena.

Kila jibu lisilo sahihi lipewe maelezo yake. Anayechagua kukanda aambiwe papo hapo kwamba mishipa midogo ya damu hapo tayari imeumia na kuisugua huizidishia madhara. Wa glavu aelezwe kwamba uzito wote bado unaangukia sehemu ndogo ya kisigino, tena mguu huteleza ukatoka. Wa mto wa duara aelezwe kwamba ukingo wake hubana pande zote na kuinyima damu ngozi iliyo katikati. Jibu sahihi ni kuweka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kiachwe hewani, kisha kuandika kwamba ni hatua ya 1 (ngozi bado nzima, wekundu haupotei ukibonyezwa) na kubadili mpango wa kumgeuza. Maelezo haya ndiyo yanayofundisha. Alama ni matokeo tu.

Halafu zivunjeni hizo slaidi 90. Kila moduli ibebe uamuzi mmoja na imalizike kwa dakika 8 hadi 10, kwa kuwa muuguzi wa zamu hapati zaidi ya hapo bila kuitwa. Sisi hugawa hivi: nani yuko hatarini, ngozi hii ni salama au la, kidonda kiko hatua gani, mgonjwa huyu ageuzwe vipi na kila baada ya muda gani, kidonda hiki kifunikwe kwa nini, na lini daktari aitwe. Baada ya moduli, maswali matano yatumwe kwenye simu siku ya 3, ya 7, ya 21 na ya 60. Swali alilokosea lirudi mapema zaidi. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 inajulikana kwamba sehemu kubwa ya kilichosomwa mara moja husahaulika ndani ya siku chache, na kozi ya siku moja kwa mwaka inalipuuza hilo kabisa.

Bado kuna mpaka ambao skrini haiuvuki. Inaweza kuzoeza jicho na uamuzi. Mikono huzoezwa kitandani. Kwa hiyo kila moduli imalizike kwa kazi moja ya wodini inayoshuhudiwa na muuguzi mwandamizi: onyesha ukikagua visigino vyote viwili, onyesha ukimlaza mgonjwa kwa mwinamo wa nyuzi 30. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za afya kwa pamoja, ya mwaka 2018 yaliona kwamba ushahidi uliopo hautoshi kusema kwa uhakika kama kuwafundisha watumishi wa afya kunapunguza vidonda hivi. Ukiangalia kozi nyingi zinavyoishia kwenye cheti, hilo halishangazi.

Shikamooni walimu. Picha karibu zote kwenye kozi yetu ni za wagonjwa weupe. Nikienda wodini kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, ule wekundu siuoni kabisa. Nijifunzeje hatua ya 1? (Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili)

Marahaba. Kasoro uliyoiona ni ya kweli na ina madhara, maana hatua ya 1 ikipita bila kuonekana, kidonda hugunduliwa ngozi ikiwa tayari imefunguka.

Kwenye ngozi nyeusi kipimo cha kubonyeza kwa kidole mara nyingi hakisemi kitu, kwa sababu rangi ya ngozi huficha damu kuondoka na kurudi. Utakachokiona, kama kipo, ni sehemu iliyozidi weusi kuliko jirani zake, au yenye uzambarau au ubluu, au inayong'aa kwa kuvutika. Kwa hiyo tanguliza mkono. Gusa kwa mgongo wa vidole upime joto, halafu kwa ncha za vidole upime ugumu. Linganisha na ngozi ya pembeni, na upande wa pili wa mwili pale inapowezekana: kisigino kwa kisigino, nyonga kwa nyonga. Eneo lililoumia linaweza kuwa la moto zaidi au la baridi zaidi, gumu au tepetepe, limevimba, au linauma. Muulize mgonjwa, maumivu mara nyingi hutangulia rangi. Mwanga uwe wa mchana au tochi nyeupe inayomulika kwa ubavu, na ngozi ukiilowesha kidogo tofauti ya rangi hujitokeza vizuri.

Sasa kwa wakufunzi wanaosoma jibu hili. Picha tupu haitoshi kufundishia hatua ya 1. Iambatanishwe na maelezo mafupi ya kile kamera isichokishika: joto, ugumu, maumivu, mahali hasa kilipo, mgonjwa alikuwa amelalaje na kwa muda gani. Mwanafunzi aione picha kwanza, aseme anachofikiri, kisha ndipo afungue maelezo. Akibadili jibu baada ya kuyasoma, amejifunza kwa nini mkono una kazi.

Picha zipangeni kwa jozi zinazochanganya, kwani ndiko makosa yanakozaliwa. Jozi ya kwanza ni hatua ya 2 na ngozi iliyochubuliwa na mkojo au kinyesi. Hatua ya 2 hukaa juu ya mfupa au chini ya kifaa, mipaka yake huwa wazi, kitako chake (sehemu ya chini ndani ya kidonda) ni cha pinki au chekundu na kibichi, wala hakina tishu mfu za njano. Uharibifu wa unyevu husambaa, hufuata mikunjo ya makalio na mapaja, na kingo zake hazieleweki. Wakati mwingine mgonjwa ana vyote viwili, na jozi hiyo nayo iwekwe.

Jozi ya pili ni hatua ya 1 na jeraha la tishu za ndani, lile la rangi ya zambarau au maruni, ngozi ikiwa nzima au ikiwa na lengelenge la damu. Hapa tumieni mfululizo wa picha za mgonjwa mmoja, siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Jeraha la ndani huonekana kwenye ngozi saa 48 hadi 72 hivi baada ya mgandamizo wenyewe; mwanafunzi akilijua hilo ataelewa kwa nini doa la leo huenda lilianzia kwenye meza ya upasuaji juzi.

Jozi ya tatu ni hatua ya 3 na kidonda kisichopimika. Mafuta ya chini ya ngozi yakionekana, ni hatua ya 3. Misuli, kano au mfupa ukionekana, ni hatua ya 4. Tishu za njano au gamba jeusi zikifunika kitako kiasi kwamba kina hakijulikani, hicho ni kisichopimika, usikisie. Ongezeni picha za sikio na mgongo wa pua, ambako mafuta karibu hayapo, ili wanafunzi waone kwamba hatua ya 3 inaweza kuwa fupi kwa kina. Vidonda vya ndani ya mdomo au puani vinavyoletwa na mirija havipewi hatua kabisa.

Kabla ya picha kupewa jibu rasmi, wataalamu wawili waipangie hatua kila mmoja kivyake. Tuseme picha ni 40 na wamekubaliana kwenye 30. Asilimia 75 inasikika vizuri, lakini kama kwa bahati tu wangekubaliana nusu, hesabu ya kapa (kipimo cha makubaliano baada ya kuondoa yale ya bahati) inakuwa 0.75 kutoa 0.50, igawanywe kwa 0.50: jibu ni 0.5. Hiyo ni ndogo kwa picha za kufundishia. Zile 10 walizotofautiana zijadiliwe, na zisipopata mwafaka zitolewe kwenye mtihani. Zibaki kwenye majadiliano, ambako utata wake una faida.

Tena, kabla ya zoezi lolote la picha, waambieni wanafunzi wazime kichujio cha mwanga wa usiku kwenye simu zao. Kichujio hicho hutia kila kitu unjano, na wekundu hautofautiki vizuri. Tumeona kundi zima likikosea picha zilezile kwa sababu hiyo tu.

Kuna programu ya simu inayopiga picha kidonda na kutaja hatua yake kwa akili bandia. Tuwape wanafunzi? (Mkufunzi wa chuo)

Wapeni baada ya wao wenyewe kujibu, kamwe si kabla. Aandike hatua na sababu, kisha aione programu imesema nini, kisha atetee au abadilishe. Programu hizi huona rangi na umbo. Hazigusi ngozi, hazijui kama palikuwa na mfupa chini wala kama mgonjwa amelowa tangu asubuhi. Na iliyozoezwa kwa picha za ngozi nyeupe itayumba kwenye ngozi nyeusi, hasa kwa hatua ya 1. Upande ambao zinasaidia zaidi ni kupima eneo la kidonda, mradi rula iwepo kwenye picha.

Tunataka kurekodi video yetu ya kumgeuza mgonjwa. Tuna simu mbili na stendi moja. Tuzingatie nini? (Muuguzi msimamizi wa wodi)

Hongereni, vifaa hivyo vinatosha. Tatizo kubwa la video hizi ni mtu anayejifanya mgonjwa. Mwenzenu mwenye afya, hata bila kukusudia, hujisaidia: hukaza shingo, huinua nyonga, hutanguliza mguu. Anayetazama anajifunza kumgeuza mtu asiye na uzito, na kesho yake akikutana na mgonjwa aliyepooza anamburuta. Mwambieni alegee kabisa, mikono ianguke, na mrudie hadi mwone wauguzi wanalazimika kutumia shuka la kutelezea.

Simu ya kwanza iwe kwenye stendi, kimo cha godoro, upande ambao mgonjwa atageukia. Picha ya kutoka juu hupendeza ila haionyeshi nafasi kati ya kisigino na godoro. Simu ya pili ishikwe kwa karibu, ifuate mikono. Mfuatano wenyewe ni huu:

1. Mwelezeni mgonjwa, shusheni kichwa cha kitanda, pandisheni kitanda hadi usawa wa viuno vyenu.
2. Kagueni mirija na katheta zilipo, muwe na uhakika hakuna kitakacholaliwa.
3. Ingizeni shuka la kutelezea chini yake, mmoja kila upande, msogezeni pembeni bila kumkokota.
4. Mgeuzeni, kisha kabla ya kuweka mito angalieni ngozi iliyokuwa chini. Hapa kamera isogee karibu.
5. Wekeni mto nyuma ya mgongo na mwingine kati ya miguu ili alale kwa mwinamo wa nyuzi 30, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja.
6. Pitisheni kiganja chini ya kifandugu. Kikibanwa, hamjafika, rekebisheni.
7. Mto wa urefu chini ya shavu la mguu, goti likunjwe kidogo. Pitisheni karatasi chini ya kisigino. Ikipita bila kukwama, kisigino kinaelea.
8. Toeni shuka la kutelezea, nyoosheni mikunjo, andikeni saa na upande.

Hatua ya 6 na ya 7 zipeni muda kuliko nyingine. Kosa tunaloliona sana ni mto kuwekwa chini ya goti peke yake: goti linainuka, kisigino kinazama zaidi kwenye godoro. Lirekodini kosa hilo kwa makusudi, lisimamisheni kwa sekunde chache, na muulize mtazamaji nini hakiko sawa. Zana ya H5P, ambayo ni ya bure, inaruhusu swali kujitokeza katikati ya video na kumrudisha mtazamaji nyuma akikosea.

Kipande kimoja kisizidi dakika 4. Rekodini sehemu ya kuinua kichwa cha kitanda kivyake, kwani ina somo lake: magoti yainuliwe kwanza, ndipo kichwa, na kisizidi nyuzi 30 isipokuwa pana sababu kama kula au kupumua. Vinginevyo mwili huserereka, ngozi ikabaki imeganda kwenye shuka huku mifupa ikishuka, na tishu za ndani zikavutwa. Maneno yaandikwe kwenye skrini maana wengi hutazama bila sauti. Kwa ubora wa 480p na kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde, dakika 3 ni megabaiti 11 hivi. Mkipakia faili kama ilivyotoka kwenye kamera inaweza kuwa mara kumi ya hapo, na nusu ya watu hawataifungua.

Kwenye wodi yetu tuna kundi la WhatsApp tunakotumiana picha za vidonda ili tujifunze. Kuna ubaya? (Sista wa zamu)

Sista, nia ni nzuri lakini njia hiyo ina matundu. Picha hujihifadhi yenyewe kwenye simu ya kila mwanakundi, ikapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, watoto nyumbani wakaiona. Picha ya kamera ya simu inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa. Na mtu akihama kazi, anaondoka nazo.

Fanyeni hivi. Mgonjwa au msimamizi wake atie saini ridhaa inayotaja kufundishia, tofauti na ridhaa ya matibabu, na ajue kwamba akikataa huduma yake haibadiliki. Ipigwe kwa kifaa cha hospitali. Uso, tatuu, kitambulisho cha mkononi na karatasi za kitandani visionekane. Taarifa ya mahali izimwe kwenye kamera. Pakieni kwenye jukwaa lenye nywila, kisha mfute kwenye kifaa. Kundi la WhatsApp libaki la kukumbushana ratiba na kutuma kiungo.

Na kwa kuwa mnapiga, pigeni zinazofaa: kamera isimame wima juu ya kidonda kwa umbali wa sentimita 30 hadi 40, kidonda kiwe kimesafishwa, rula ya karatasi ilale usawa wa ngozi ikiwa na namba ya siri badala ya jina la mgonjwa, na tarehe, nyuma pawe na kitambaa cha kijani au buluu kisichong'aa, flashi izimwe. Mgonjwa alazwe vilevile kila mara. Kidonda cha kifandugu kilichopigwa leo akiwa ubavu wa kushoto na wiki ijayo ubavu wa kulia kitaonekana kimebadili umbo wakati hakijabadilika.

Intaneti yetu ni ya kubahatisha na kishikwambi ni kimoja kwa wodi nzima. Kujifunza kwa dijiti kunawezekana kweli? (Muuguzi, kituo cha afya)

Kunawezekana, mkichagua zana zinazokubali kukaa bila mtandao. Programu ya simu ya Moodle, jukwaa la kozi za mtandaoni, humruhusu mtu kupakua kozi mahali penye mtandao na kuisoma baadaye. Mitihani pia inaweza kufanywa bila mtandao, lakini msimamizi wa jukwaa lazima akiruhusu kipengele hicho kwenye mipangilio ya kila mtihani, asiweke kikomo cha muda, na mrejesho uwe wa kutolewa mwishoni. Hapo ndipo wengi hukwama, wakidhani programu ni mbovu. Majibu hupanda siku kifaa kinapopata mtandao, kwa hiyo msifute programu kabla ya kuona yamepanda. Kolibri nayo imetengenezwa kwa mazingira yasiyo na intaneti: kompyuta ndogo moja hubeba masomo, na simu zilizo karibu huyachukua kwa mtandao wa ndani wa waya au usiotumia waya.

Kishikwambi cha pamoja kina kasoro moja mnayopaswa kuizuia mapema. Mtu mmoja hubaki ameingia kwenye akaunti yake na wenzake wakajibu kwa jina lake. Kila muuguzi awe na akaunti, na kutoka kwenye akaunti kuwe sehemu ya kumaliza. Kifutwe pia kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Mfumo wetu wa kompyuta unajumlisha skala ya Braden wenyewe, lakini naona alama za jana zinanakiliwa leo. Nifundisheje? (Metroni)

Kunakili huja pale mtu asipoona alama inabadili nini. Metroni, wafundishe kupitia wagonjwa wawili wenye jumla moja. Wa kwanza: hisia 3, unyevu 4, shughuli 1, kujigeuza 2, lishe 3, msuguano na mvutano 1. Wa pili: hisia 4, unyevu 1, shughuli 2, kujigeuza 3, lishe 2, msuguano na mvutano 2. Wote wana 14, hatari ya wastani. Lakini wa kwanza anahitaji ratiba ya kugeuzwa, visigino kuinuliwa na shuka la kutelezea. Wa pili anahitaji ngozi isafishwe na kupakwa mafuta ya kinga kila anapolowa, chanzo cha unyevu kitafutwe, na mtaalamu wa lishe aitwe. Zoezi la kompyuta lisikubali jumla peke yake. Limlazimishe mwanafunzi achague hatua ya kuchukua kwa kila kipengele chenye alama ya 1 au 2.

Vipengele viwili huchanganywa kila mahali. Shughuli ni kutoka kitandani na kutembea. Kujigeuza ni kubadili mkao wa mwili ukiwa hapo ulipo. Mgonjwa wa kiti cha magurudumu mwenye mikono yenye nguvu anaweza kupata 2 kwa shughuli na 4 kwa kujigeuza. Wakumbushe pia kwamba alama zikishuka hatari inapanda, kwa kuwa waliozoea skala ya Waterlow wamezoea kinyume chake: Braden ni 6 hadi 23, na 18 au chini yake ni hatari kwa mtu mzima. Kwa watoto ipo Braden Q.

Dawa ya kunakili ni ya mfumo zaidi kuliko ya mafunzo. Omba mafundi waondoe alama za jana kwenye ukurasa wa kujaza. Zionekane tu baada ya mpya kuhifadhiwa.

Miezi mitatu baada ya mafunzo idadi ya vidonda vilivyoripotiwa imepanda. Uongozi unataka kusitisha kozi. Tuwaambieje? (Mratibu wa ubora)

Waonyesheni mgawanyo wa hatua. Wauguzi waliofundishwa kuona huripoti zaidi hatua ya 1 na ya 2, na hilo lilitarajiwa. Kinachopaswa kushuka baadaye ni hatua ya 3, ya 4, visivyopimika na majeraha ya ndani. Vikipanda hivyo pia, basi kweli kuna tatizo, na kozi huenda siyo kiini chake.

Tenganisheni pia vilivyoletwa na vilivyopatikana wodini. Mkikagua wagonjwa 60 siku moja na 9 wana vidonda, hiyo ni asilimia 15. Lakini 4 kati yao wakiwa waliingia navyo, vya kwenu ni 5, asilimia 8.3. Kwa mwendo wa mwezi hadi mwezi hesabuni vidonda vipya kwa kila siku 1,000 za kulazwa: vipya 6 kwa siku 1,500 za wagonjwa ni 4. Wodi ikijaa au ikipungua, hesabu hiyo haiyumbi sana.

Upande wa maarifa, tumieni kipimo kilichokwisha kuhakikiwa kama PUKAT 2.0, chenye maswali 25, kabla ya kozi na miezi mitatu baada yake. Kisha vitendo: mara moja kwa wiki, bila kutangaza, mtu apite vitanda 10 vya wagonjwa walio hatarini akiwa na fomu fupi kwenye simu. Visigino vingapi vinaelea? Wangapi wamelala upande ulioandikwa? Wangapi ngozi yao ilikaguliwa siku waliyolazwa? Kama maarifa yamepanda na vitendo havijapanda, hesabuni mito na mashuka ya kutelezea kabla ya kuandaa moduli nyingine. Tumeona wodi ambako kila muuguzi anajua kisigino kielee, na mto ni mmoja kwa kila kitanda, uko kichwani.

Kozi ihuishwe kila baada ya muda gani? (Msomaji)

Kila mwongozo unapotoka, na walau mara moja kwa mwaka hata usipotoka. Mwongozo wa kimataifa wa EPUAP (jopo la Ulaya la ushauri kuhusu vidonda vya mgandamizo) na washirika wake ulitolewa mwaka 2009, 2014 na 2019, kwa hiyo angalia kama toleo ulilotumia bado ndilo jipya. Kila moduli iandikwe tarehe ya kupitiwa kwenye slaidi ya kwanza. Ukikuta somo linalofuata mfumo wa Marekani na hatua zake ziko kwa namba za Kirumi, lina uwezekano mkubwa wa kuwa la kabla ya mwaka 2016, mfumo huo ulipohamia namba za kawaida. Ukipakia toleo jipya, kumbuka lile la zamani bado liko kwenye simu zilizolipakua. Waambie wapakue upya wakipata mtandao.